Siku Niliyomsimamisha Mama Mkwe

Tulipohamia kijiji cha ujamaa Kimwani, mama mkwe wangu alichaguliwa kuwaongoza wanawake kwenye shamba la pamoja. Hakuwa amesoma. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba kwa masista wa Kashozi, lakini kazi ya kuongoza watu nilijifunza kwake. Alifika wa kwanza na kuchagua tuta lenye mawe mengi. Mtu akichelewa, alimsogelea na kumuuliza taratibu, "Nyumbani kumeamkaje?" Nilimtazama misimu miwili, nikaanza hata kutembea kama yeye.

Alipochoka aliwaambia wenzake, "Mchukueni huyu. Ataweza."

Wakanichagua.

Lakini kulikuwa pia na katibu wa kijiji, ambaye kila mtu alimwogopa. Alishika faili kwapani na kuita majina kwa sauti kubwa, na watu wakanyamaza. Siku moja aliniambia, "Unawabembeleza mno, mama. Watakupanda kichwani." Maneno yake yaliniingia. Nikatafuta faili. Nikaanza kuita majina.

Asubuhi moja mama mkwe alichelewa. Wanawake wote walikuwa wananitazama waone nitafanyaje.

"Na wewe, Mama," nilisema kwa sauti ile ya katibu, "hapa hakuna mkwe. Simama mbele."

Akaweka jembe chini, akasimama. Jua lilikuwa limeanza kuwaka. Niliita majina yote hadi la mwisho, naye amesimama pale, mkono ukiwa tumboni. Kisha akaokota jembe, akaingia kwenye tuta. 

Mume wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani. Alimaliza ndizi zake, akaniuliza, "Ulijua kwamba anaumwa?"

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza.

Baada ya wiki mbili wifi yangu alimchukua kwake Rwamishenye, awe karibu na hospitali. Nilipanga kwenda Jumapili kumwomba msamaha. Jumapili hiyo kukawa na mkutano wa kijiji, nikaahirisha. Jumatano tukaletewa habari kwamba amefariki.

Msibani wanawake walinijia niwagawie kazi: nani achote maji, nani amenye ndizi. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Jirani mmoja akanishika bega, akawapanga yeye.

Sikuongoza tena. Nilirudisha faili kwa katibu, akaniuliza kuna nini. Nilimwambia nimechoka tu.