Maji Yaliyokuwa Ndani ya Friji

Kama una mpango wa kunicheka, cheka sasa hivi umalize, maana mimi mwenyewe ningekucheka. Lakini jambo hili limenitokea mimi, hapa hapa Bariadi, saa saba mchana, jua likiwaka, na nilikuwa sijalewa wala sijaumwa. Niamini.

Ninaishi na bibi yangu, mzaa mama. Ndiye aliyenilea. Macho yake yameingia mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Kwenye kona ya sebule yetu kulikuwa na mtungi wa maji aliofinyanga mama yake, na bibi hakuacha siku hata moja ukauke. Sababu naijua tangu nikiwa mdogo. Mwaka mmoja wa ukame mama yake aliugua, akaomba maji, na ndani hayakuwepo. Bibi, wakati huo msichana, akakimbia mtoni kufukua mchanga. Kurudi na kibuyu chake, mama yake ameshakata roho na kiu yake. Tangu hapo kila asubuhi anajaza mtungi, na mtu yeyote akipita akasema "maji," anapewa kabla hajasalimiwa. Wengine walimwona amezidi. Hata mimi, nisiwe mwongo.

Sasa pamba ya msimu ule ilinikubali. Nikanunua friji jipya. Wewe hujui raha niliyokuwa nayo! Kichwani nilishauza barafu mpaka Maswa, nilishajenga nyumba ya bati la rangi, bibi amekaa barazani anakunywa juisi ya ukwaju ya baridi. Siku ile friji linaletwa, bibi alikuwa ameenda jumuiya kusali.

Fundi wa friji alikuja akakuta nimelilaza juu ya guta kutoka dukani.

"Dogo, hili ni godoro?" akaniuliza. "Umelilaza, sasa liache lisimame litulie, mafuta yarudi chini. Ukiwasha sasa hivi unaliua."

Likatulia tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Sehemu pekee yenye soketi ilikuwa kwenye kona ya mtungi. Nikamimina maji yote ya mtungi kwenye chupa, nikauvuta. Ulikuwa umekaa pale miaka mingi mno, ukagoma. Nikavuta kwa nguvu. Kitako kikabaki sakafuni, juu kukabaki mikononi mwangu.

Fundi akasema, "Umestaafu huo mtungi, usilie. Bibi atakunywa ya baridi sasa."

Friji likawa linayumba kwa sababu sakafu yetu ina mteremko. Fundi akalaza chupa ya soda juu yake, ikabingirika. Akakaza miguu, bado. Akaangalia huku na huku, akaokota kigae cha mtungi akakisukuma chini ya mguu wa mbele. Chupa ikatulia. Na mimi nilimwangalia, sikusema kitu. Kwa nini sikusema? Najiuliza mpaka leo.

Akazungusha kitufe cha baridi mpaka katikati, nikapanga chupa zote ndani, akawasha. "Usifungue mlango mpaka saa kumi," akasema. "Ukifungua-fungua litahangaika bure." Akaondoka.

Nikakaa kulisikiliza linavyonguruma. Ndipo nikasikia salamu ya Kisukuma mlangoni, "Mwadila."

Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, kaniki imefungwa kifuani. Kwetu mama tunamwita mayu, nikaitikia, "Mwadila, mayu. Karibu." Hakukaa. Akasema, "Naomba maji."

Na mimi, mjukuu wa bibi yangu, unajua nilijibu nini?

"Maji yapo kwenye friji, mayu. Hayajapoa. Pita saa kumi nitakupa ya baridi kabisa!" Tena nilisema nikitabasamu, kama mtu anayetoa zawadi.

Akaitazama kona. "Mimi huwa nakunywa ya pale," akasema.

Akapita mbele yangu, na sikusikia nyayo zake. Akainama akagusa kile kigae chini ya friji, taratibu, kama unavyogusa mguu wa mtoto aliyelala. Akainuka, akaweka kiganja chake juu ya mlango mweupe. Kisha akatoka.

Moyo ukanichoma. Nikafungua friji, kama ni kuhangaika na lihangaike, nikamimina kikombe, nikakimbia nje. Mbele ya nyumba yetu ni shamba lililokwisha vunwa, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Hapakuwa na mtu. Niliporudi, pale alipoweka kiganja palikuwa na alama ya udongo mbichi, ule wa mfinyanzi, unatiririka. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi. Vidole vilikuwa vinne. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Bibi akarudi. Nikamwambia mtungi umevunjika kwa bahati mbaya. Alinyoosha mkono kupapasa hilo friji, na mkono wake ukaangukia pale pale. Akapapasa kidole kimoja kimoja. Alipofika palipokosa kidole, akaurudisha mkono akapapasa tena.

"Mayu," akasema. Alikuwa haniiti mimi. "Kidole kile kilikatwa na jembe. Mjukuu wangu, alikuja mtu hapa?"

"Alikuja."

"Aliomba nini?"

"Maji."

Akanishika mkono, akanikazia yale macho yake yasiyoona. "Ukampa?"

Ungesema nini wewe? Kikombe nilikimimina, hiyo ni kweli. Lakini kumimina si kunywesha.

"Nilimpa, bibi."

"Akanywa?"

"Akanywa. Akamaliza."

Bibi alilia, na hakikuwa kilio cha msiba. Alisema, "Basi. Basi amekunywa." Usiku ule alilala usingizi ambao sijawahi kumwona akilala. Jumapili akawasimulia wenzake kanisani kwamba mjukuu wake amemtua mzigo wa maisha yake. Wakanishika kichwa wakaniombea. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo bibi hawekei tena mtu maji kwenye kona. Kwa nini aweke, wakati mwenye kiu ameshakunywa? Namsikia anaimba jikoni. Mimi ndiye ninayeweka kikombe kizingitini kila saa saba mchana, kwa siri. Jioni nakikuta kimejaa vilevile. Hajarudi. Barafu nauza, wateja ninao, lakini kila nikifungua ule mlango najua kuna mtu anatembea na kiu mahali fulani, na aliyemfungia njia ni mimi, mara mbili: kwa friji, kisha kwa uongo wangu.

Bibi hajui kusoma, ndiyo maana nimethubutu kuandika. Kumwambia siwezi, nitamrudisha mtoni kufukua mchanga. Kukaa kimya nako siwezi. Wewe unayesoma, nakuomba kitu kimoja tu: mtu akisimama mlangoni pako akasema maji, mpe yaliyopo. Usimwambie asubiri yapoe.