Bafta ya Makangale

Kila nikifungua sanduku, harufu ya karafuu maiti hunirudisha kwenye gari ya baba, siku tuliyokwenda Makangale kumtazama sahibu yake wa ujanani. Mvua ilitukuta msituni Ngezi, na kioo cha upande wangu kilikuwa hakipandi. Nilifika nimerowa chapachapa.

Mzee yule akaingia chumbani, akatoka na bafta nyeupe, mpya, ngumu kwa kukunjwa. Akanifunika hadi kichwani. Harufu yake ikanitia usingizi.

Baba akaweka kikombe chini. "Ndugu yangu, hiyo si sanda uliyojiwekea?"

"Ndiyo. Lakini mtoto atetemeka."

"Mvue, tafadhali."

Mzee akanitazama sana, akatabasamu. "Mwachie. Ishamjua mwenyewe. Mimi n'tatafuta nyengine."

Baba hakuweza kukataa zawadi ya mwenyeji wake. Tulirudi kupitia msitu uleule, bafta imo mapajani mwangu, bado ina joto langu.

Siku ile bafta ilinizidi, ikawa inaburura sakafuni. Leo nimeitoa, nikajipima mbele ya kioo. Imenitosha barabara.