Fundi wa Friji na Paka wa Mwalimu

Mtaa mzima ulimwita Kwanza-Tufungue, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa friji, feni na pasi. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona: meza moja, bisibisi zimepangwa kwa urefu, na ukutani feni za watu waliosema watarudi kesho. Ukimpelekea birika la umeme ukamwambia limeungua, hakukubali wala hakukataa. "Kwanza tufungue," angesema, kisha angekuonyesha waya uliokatika. Kama kifaa kimekufa, alikuambia kimekufa, usipoteze nauli yako. Mafundi wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi, na mtaa ulilijua hilo.

Ndipo watu walipoanza kumuuliza na mengine. Pasi ipi inadumu? Muulize Fundi. Godoro hili wanalosema lina dhamana ya miaka kumi, ni kweli? Muulize Fundi. Mwanzoni alijibu aliyoyajua. Baadaye akajibu yanayokaribiana na aliyoyajua. Mwishowe akawa anajibu tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa asubuhi na jioni. Mkewe alimwonya mapema: "Mume wangu, kusema 'sijui' hakujawahi kumvunja mtu jino." Fundi akacheka, akaenda zake kazini.

Jumanne moja akaja Mwalimu, mama mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule, Fundi mwenyewe akiwamo. Aliishi peke yake na paka wa kijivu, na siku hizo paka alikuwa akijikuna mpaka manyoya yakamtoka shingoni. Dukani dawa ya viroboto wa paka ilikuwa imekwisha. Muuzaji alimpa kichupa chenye picha ya mbwa.

"Mwanangu, hii itamfaa kweli?"

Fundi alikuwa ameinamia mota ya feni. Hakukipokea kichupa, hata macho hakuyainua sawasawa. Akapiga hesabu ya kifundi: friji kubwa hula umeme mwingi, ndogo hula kidogo.

"Paka si mbwa mdogo tu, Mwalimu? Mpake nusu."

"Haya, asante baba."

Kesho yake asubuhi Mwalimu akarudi na paka amemviringisha kwenye taulo. Mnyama alikuwa akitetemeka mwili mzima, masikio yanarukaruka, miguu haimshiki. Mwalimu hakulaumu. Alisema tu, "Nisindikize kwa daktari," na Fundi akaondoka bila hata kufunga kibanda.

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa maneno machache. "Amekula nini? Amepakwa nini?"

"Sijui, daktari," alisema Mwalimu. "Labda ameokota sumu ya panya."

Fundi akamtazama, akaelewa. Mama wa watu alikuwa anamsitiri. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wake wawili, mmoja na mbwa, mwingine na kuku kwenye boksi, na wote wawili walikuwa wametega masikio. Aibu ilimpanda mpaka utosini. Kama angenyamaza, jina lake lingebaki safi. Daktari alikuwa tayari anavuta dawa ya sumu ya panya kwenye sindano.

"Ngoja, daktari. Si panya. Ni dawa ya viroboto wa mbwa, nusu kichupa, shingoni, jana jioni. Mimi ndiye niliyemwambia ampake."

Daktari akaiweka sindano chini. "Umefanya vizuri kusema. Ningetibu ugonjwa ambao hana." Akaagiza maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, wakamwosha paka, kisha akamdunga dawa nyingine ya kutuliza mtetemo. "Mwili wa mbwa unaimudu dawa ile. Wa paka hauimudu, hata ukipunguza. Si suala la ukubwa. Mkiwa na shaka nipigieni, namba iko mlangoni."

Paka alikaa pale siku mbili, akapona. Siku ya kumrudisha nyumbani Fundi alibeba kikapu. Walipofika getini kwa Mwalimu akasema:

"Nisamehe, Mwalimu. Nilikujibu jambo nisilolijua."

"Nimekusamehe. Ila na mimi nina langu." Mwalimu alikuwa akitafuta ufunguo mkobani. "Nilipofika nyumbani nilikisoma kile kichupa. Kimeandikwa kwa herufi nyekundu: usimpake paka."

Fundi akasimama na kikapu chake. "Sasa mbona ulimpaka?"

"Nilidhani waliochapa ndio waliokosea," alisema Mwalimu. "Wewe hujawahi kunidanganya."