Tundu Kwenye Paa la Landrova

Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale sokoni Kasulu. Kijana aliwasha kile chuma chake, kikapata moto, akakigusisha lehemu, na moshi mwembamba ukapanda hadi puani mwangu. Kama hukukua karibu na harufu hiyo, kwako ni kitu kinaungua tu. Mimi ilinibidi nivute kiti nikae. Kijana akaniuliza, "Mama, ni presha?" Nikamjibu kwamba ni umri. Nilimdanganya, maana nilikuwa nimemkumbuka baba yangu na gari lake, na hayo si mambo ya kumweleza mtu mwenye wateja wanaosubiri.

Baba alikuwa dereva wa hospitali ndogo ya wamisionari nje kidogo ya mji wa Kibondo. Leo ukienda utakuta msingi na miti ya mikaratusi. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nina miaka tisa au kumi. Ndugu zetu Warundi walikuwa wamevuka mpaka na kuanza kulima katikati yetu, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Gari lilikuwa moja tu, Landrova ya rangi ya majani yenye paa jeupe la bati. Baba aliliosha kila jioni, hata siku ambayo halikutoka. Mama alikuwa akisema kwamba lile gari lingejua kupika ugali, yeye angekwisha rudishwa kwao.

Daktari wa kupasua naye alikuwa mmoja, tena tuligawana na Kasulu. Alikaa wiki huku na wiki kule, lakini akiitwa kwa dharura aliondoka saa yoyote. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Baba akiwa njiani na mama aliyeshindwa kujifungua, hakuwa na namna ya kujua daktari yuko Kibondo au Kasulu. Akikosea njia, amepoteza nusu siku, na mwanamke wa namna hiyo hana nusu siku ya kupoteza. Kwa sababu hiyo hospitali iliamua kununua redio za upepo, za kuitana na kujibizana, moja ikae ofisini kwa karani Filipo, nyingine ndani ya gari.

Fundi aliyekuja kuifunga alitoka Ujiji. Aliitwa Salehe, mtu mwembamba mwenye kofia ya kushona kwa mkono na maneno machache. Alikuja na redio mbili za gari ili tuchague. Moja ilikuwa ndogo, ya kukaa chini ya dashibodi bila kumsumbua mtu. Nyingine ilikuwa sanduku zima, inakula betri, lakini ina nguvu. Sista mkuu, mtawa mzee aliyeongoza hospitali, alisema anayeendesha ndiye achague. Baba alilizunguka gari mara mbili mikono ikiwa mgongoni, kisha akasema kubwa. Ili ipate nafasi, kiti cha katikati kiling'olewa. Kilikuwa kiti changu, nilichokalia kila nilipopewa lifti ya kwenda Kitahana kwa bibi mzaa mama. Nilinuna siku mbili, wala hakuna aliyeona.

Ugomvi ulikuja kwenye antena. Ilikuwa fimbo ya chuma iliyompita baba urefu, na Salehe alitaka kutoboa paa katikati aisimike pale.

"Paa lote ni bati," alisema. "Antena ikikaa katikati yake, sauti inakwenda pande zote. Ukiiweka mbele kwenye bampa, bodi ya gari inaikinga. Mtaweza kuongea mkiwa mlimani. Mkishuka bondeni, siahidi."

"Paa hili halitobolewi," baba akasema.

"Naweka mpira, naweka na lami. Maji hayapiti."

"Mwaka huu hayapiti. Mpira ukikauka je?"

"Mzee, gari ni la hospitali au ni lako?"

"La hospitali. Na anayelala chini ya paa ni mgonjwa."

Salehe alimtazama sista, sista akamtazama baba, na baba akaitazama ardhi. Alikuwa mpole, lakini akiitazama ardhi hivyo ujue mazungumzo yamekwisha. Antena ikafungwa kwenye bampa la mbele, upande wa kushoto. Hata hapo baba alikuwa amekata kipande cha tyubu akitandike chini ya kitako cha antena ili rangi isichubuke. Salehe alikiondoa bila neno, akachukua msasa, akasugua rangi mpaka bati likang'aa. "Lazima chuma kiguse chuma," alisema. Baba aligeuza uso kama mzazi ambaye mwanawe anachomwa sindano. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye nyasi nikinusa lehemu, nikaona baba ameshinda, nami nikajivuna kwa niaba yake.

Siku ya kujaribu, baba na Salehe walitoka na gari, mimi nikabaki kwenye baraza la ofisi ya Filipo. Salehe alikuwa amewafundisha baba na Filipo kubonyeza, kusema kwa ufupi, na kuachia. Lakini nani atamfundisha Muha kuanza na habari kabla ya salamu? Kwetu anayefika na habari bila kusalimu ni mleta msiba, hata watoto humkimbia. Baba akabonyeza. "Mwidiwe, Filipo. Hamjambo hapo? Watoto wazima? Na mguu wa mzee unaendeleaje?" Filipo naye akajibu mguu wote, kuanzia uvimbe hadi dawa ya kienyeji. Nyuma yao tulisikia sauti ya Salehe, imechoka: "Salamu zinakula betri, wazee." Baraza zima lilicheka. Kisha gari likateremka upande wa mto Malagarasi, na sauti ya baba ikakatika katikati ya neno. Waliporudi Salehe alisema tu, "Si nilikwambia?" Baba akajibu kwamba mtu akitaka kuongea atapanda mlima kwanza. Kesho yake fundi akarudi kwao.

Miezi kadhaa ilikwenda vizuri. Redio iliokoa watu, nisiseme uongo.

Kisha zikaja mvua za mwezi wa tatu. Mchana mmoja alifika mtu kwa baiskeli kutoka kijiji kilichokuwa ndani, mbali na barabara ya Kasulu, kuelekea Malagarasi. Alikuwa Mrundi kijana aitwaye Zakaria. Mkewe Marisela alikuwa na uchungu tangu juzi yake. Baba na nesi Yustina walipakia baiskeli, wakampakia Zakaria, wakaondoka. Daktari walimwacha wodini, wamemwona kwa macho yao.

Haikupita saa moja, gari la serikali likaja kumchukua daktari. Kulikuwa na ajali Kasulu. Alipopita kwenye njia panda ya kile kijiji, baba alikuwa bado ndani huko, anahangaika na matope. Walipishana hivyo, bila kuonana.

Nilitoka shule nimelowa, nikajikinga kwenye baraza la Filipo. Alikuwa ameinamia redio. "Gari, gari, hapa hospitali. Daktari yuko Kasulu. Nendeni Kasulu. Mnanipata?" Anaachia, anasikiliza. Redio inakaanga kama karanga kwenye kikaango. Anarudia. Akarudia mpaka sauti yake ikawa nzito. Mara moja, nasema mara moja tu, ilitoka sauti ya baba, safi kabisa: "Mwidiwe, Filipo." Nikaruka kwa furaha. Halafu karanga tena. Filipo alibonyeza akaita kwa haraka, bila salamu yoyote, na hakuna aliyejibu. Nilimwambia, "Baba yuko salama, nimemsikia." Aliendelea kuita, nami nikamwona mtu mbaya.

Yaliyotokea upande wa pili alitueleza nesi Yustina. Walipofika njia panda, baba alisimama akaita. Aligeuza gari, pua ikatazama Kibondo, akaita. Akaligeuza tena kwenye matope, mara tatu. Akapanda na kilima kilichokuwa mbele, akaita kutoka huko, na radi zikawa zinapasua. Kila anachopata ni mvumo. Marisela alikuwa nyuma amelala kwenye godoro, ameshika mkono wa mumewe. Baba akaamua kwenda Kibondo, kwa sababu ndiko alikomwacha daktari.

Waliingia jua likizama. Filipo alitoka ofisini anakimbia kwenye mvua, na kabla hajafika kwenye gari baba alikwisha kuelewa. Waligeuza palepale kwenda Kasulu. Marisela alifariki kabla ya daraja la Malagarasi, pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni.

Huenda hata antena ya paani isingefua dafu kwa radi zile. Nimewahi kumuuliza mtu anayejua mambo hayo, akasema inawezekana. Baba hakujipa nafuu hiyo. Aliacha kuosha gari. Alikula kidogo, akajibu salamu kidogo, na mama akatukataza kucheka tukiwa ndani.

Wiki ya tatu Zakaria alikuja nyumbani, saa za asubuhi, na kikapu cha maharage mapya. Alisimama uani akapiga makofi taratibu, kama inavyopasa, akasalimu kila mmoja wetu hadi mtoto wa mgongoni. Mama alimpa kigoda. Mimi nilikuwa napepeta mahindi pembeni, na hakuna aliyenifukuza.

"Nimekuja kushukuru, Baba Tabita," akasema. Tabita ni mimi. "Mvua ilinyesha safari yote, kwenda na kurudi. Mke wangu hakudondokewa hata tone. Tulimzika mkavu."

Baba alikisogeza kikapu pembeni. Kisha akasema yote. Alisema fundi alitaka kutoboa paa naye akakataa. Alisema lau angekubali, huenda wangemsikia Filipo pale njia panda, wakaelekea Kasulu mapema. Alisema, "Mkeo amekufa kwa ubishi wangu."

"Ndabizi," Zakaria akasema. Najua. "Nesi aliniambia siku ileile."

"Sasa unashukuru nini?"

Zakaria alifikiri. Alikuwa na uso wa kitoto, hata ndevu zilikuwa hazijashika vizuri. "Nashukuru kwa lile ulilolifanya," akasema. "Hilo lingine sina neno nalo."

Alikunywa uji, akaaga, akaondoka na kikapu chake kitupu. Baba hakumsindikiza, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mgeni.

Siku ileile aliazima keekee kwa seremala wa misheni, ile drili ya kuzungusha kwa mkono, akapanda juu ya Landrova na kutoboa paa. Sista alikuwa amesema wamsubiri fundi, lakini hakusubiri. Bati lilitoa mlio wa kukereza meno, na vipande vilivyojikunja vikawa vinadondoka ndani, kwenye godoro la wagonjwa. Nililia. Niliona anaharibu kitu kizuri kwa sababu ya huzuni, kama watu wanavyovunja vyungu msibani. Aliihamisha antena mwenyewe, akasugua rangi mpaka chuma kikagusa chuma, akachomea waya kwa lehemu, akazungushia mpira na lami. Jioni alikwenda hadi daraja la Malagarasi peke yake, akaita. Filipo anasema alimsikia kama mtu aliye chumba cha pili.

Miaka mingi nilimwona baba kama mtu aliyependa rangi ya gari kuliko watu, hata nilipokuwa nimekwisha kuolewa. Sikumwambia, lakini nilimhukumu moyoni, na hilo ndilo linaloniuma. Ni mama aliyenifumbua macho, mwaka mmoja baada ya kumzika baba, tukiwa tunachambua choroko. Aliniambia baba alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita alikuwa mmoja wa wanne waliombeba mama yake kwenye machela ya mianzi, kumpeleka kwa waganga wa misheni. Mvua iliwakuta porini, hawana hata mkeka wa kumfunika. Mgonjwa wetu hanyeshewi, anayenyeshewa ni maiti inayopelekwa kaburini, ndivyo wazee wa kwetu walivyosema. Yule mama alitetemeka njia nzima akiwaomba wanawe msamaha kwa kuwachosha. Alifika amelowa, hakuiona asubuhi. Siku baba alipopewa gari lenye paa, mama alisema, alikaa ndani yake mvua ikinyesha na akalia.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichokijua ni kwamba lami ya baba haikudumu. Mvua zilizofuata maji yakaanza kupenya pale kwenye tundu, tone moja moja, katikati kabisa ya godoro. Alilipaka tena na tena. Redio ilifanya kazi, na kila kina mama walipopelekwa, walipelekwa daktari aliko. Lakini mvua ikitanda, kabla ya kuwasha gari, baba alikwenda nyuma akafungua mlango, akavua kofia, akamwinamia mgonjwa. "Paa linavuja kidogo," alimwambia. "Unisamehe." Wengine walikuwa hawajitambui, hawamsikii. Aliwaambia vilevile, na kungoja kidogo kabla ya kufunga mlango. Nilikuwa nikiona haya, mtu mzima kuomba radhi namna ile kwa tone la maji. Nilidhani radhi ile ni ya maji tu.