Alama kwenye Fremu ya Mlango

Tulipohamia nyumba yetu ya Balsall Heath, huku Uingereza, nilikuta kwenye fremu ya mlango wa mbele kijibomba cha chuma, urefu wa kidole, kimekaa mshazari na kupakwa rangi juu ya rangi. Nikakibandua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa, imejaa maandishi madogo madogo nisiyoyajua. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kitu kilichobanwa mlangoni na maandishi ndani yake, kwetu kina jina. Hirizi. Nikasoma Ayatul Kursiy ya kujikinga, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaitupa kwenye pipa, na wiki hiyo gari la taka likaipeleka kwenye tanuri la taka la Tyseley kuchomwa. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, alikuwa amesimama kwenye ngazi akiniangalia. Nilijiona shujaa.

Miaka miwili baadaye darasa lake lilipelekwa makumbusho kujifunza historia ya Wayahudi, nami nikajitolea kuwasindikiza. Kusema kweli nilidhani nitakwenda kupiga miayo tu. Aliyetutembeza alikuwa bibi wa Kiyahudi mwenye sauti ya chini. Alituambia mama yake aliletwa Uingereza kwa treni akiwa mtoto, peke yake, na kwamba wazazi aliowaacha Ujerumani waliuawa na Wanazi. Kisha akatusimamisha mbele ya kabati la kioo. Kile kijibomba changu kilikuwa mle ndani, au ndugu yake.

Alieleza kwamba Wayahudi hukibandika kwenye mlango wa nyumba, kwamba ndani yake hukaa maneno ya Mungu yaliyoandikwa kwa mkono, na kwamba yakichakaa hayatupwi, huzikwa kwa heshima. Mimi huyu, nikikuta njiani kipande cha gazeti chenye herufi za Kiarabu, huinama nikakiokota kisije kikakanyagwa. Bibi akaendelea kusimulia kwamba alipokwenda Ujerumani kuitafuta nyumba ya babu yake, hakuna jirani aliyeikumbuka familia hiyo. Kilichobaki ni alama ya mshazari kwenye fremu ya mlango, pale kilipong'olewa kijibomba chao.

Binti yangu akanyoosha mkono.

"We had one," akasema. Yaani nasi tulikuwa nacho, kwenye mlango wetu.

Yule bibi akageuka, uso umemchangamka, akaniuliza kama bado tunacho. Darasa zima likanitazama. Nikajibu kwamba tulipohamia kilikuwa kimeshatoka, mtoto aliona alama tu. Uongo huo ulinitoka laini, na aibu yake ninayo hadi leo. Binti yangu akashusha mkono taratibu.

"Basi msiizibe hiyo alama," bibi aliniambia kwa upole. "Hiyo nayo ni kumbukumbu."

Nilikuwa nimeshaiziba kitambo, kwa puti na rangi nyeupe.

Kwenye basi la kurudi binti yangu alikwenda kukaa na wenzake. Nilijifariji kwamba nimesema vile ili nisimuumize bibi wa watu, lakini najijua. Niliogopa kuonekana mmoja wa wale walioking'oa cha babu yake.

Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya mlango, begi mgongoni, akaweka kidole juu ya rangi, pale pale. Mtoto huyu hunijibu Kiingereza siku zote, hata nikimgombeza.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "mimi nilikuona."