Ram Yangu na Ukuta wa Bi Mwanasha

Aibu hii nusu yake mnaijua, maana pale Mwera kila mtu anayo nusu yake anayoisimulia, basi leo nawapeni iliyobaki, ya mimi niliyekuwa juu ya ukuta.

Shule yetu ilipewa kompyuta kuukuu na ofisi moja ya mjini Tanga (zilikaa stoo miaka, mijusi wametaga humo), na mimi mwalimu wa hesabu nikajitia kimbelembele kumwambia mkuu wa shule kwamba tutaziwekea Linux, mfumo wa bure usiochagua mashine, na Jumatatu watoto watazikuta zinawaka. Ya kwanza nikaichukua nyumbani Jumamosi. Mashine kuukuu haiwekewi mfumo hivi hivi, huandaliwa kwanza, kwa hiyo nikaifungua, nikapiga brashi vumbi, nikachomoa ram zake mbili, yaani vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ambavyo bila hivyo kompyuta haiwaki, nikayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikayafuta kwa spiriti. Halafu nikaona ndani pana giza na unyevu, ngoja niviweke kwenye ungo nje, juani, vikauke upesi. Kosa langu la siku ile ni hilo tu, mengine yalijifanya yenyewe.

Kunguru alishuka akabeba kimoja. Nikamkimbiza na bisibisi mkononi, akatua juu ya ukuta wa jirani yetu Bi Mwanasha, akakiangusha upande wa ndani, penye banda la kuku. Nilijua kuna harusi pale (mke wangu Saumu alikwenda kusaidia tangu asubuhi), lakini kichwani mwangu ilikuwamo Jumatatu, harusi haikuwamo. Nikabana bisibisi kwa meno, nikapanda.

Ua lilijaa wanawake, na katikati bibi harusi amekaa mkekani anasingwa kwa manukato, mabega wazi. Wote wakainua nyuso kunitazama. Bi Mwanasha, shangazi yake, akakaza kanga yake akaniuliza taratibu, "Mwalimu, unataka nini huko juu?"

Nikamjibu na bisibisi yangu mdomoni, "Ram yangu. Ram yangu imo humo."

Bibi harusi aliitwa Ramla.

Kufika adhuhuri habari zilikwishafika msikitini kabla yangu, kwamba mwalimu amepanda ukuta anamlilia Ramla wake, na wakwe waliotoka Pongwe wakasema ndoa haifungwi mpaka jambo hili lieleweke. Saumu alirudi hina haijamkauka mikononi, akaketi mlangoni. Nilipomuuliza kwa nini hakunitetea, akasema hakuwa na hakika.

Alasiri nikaitwa barazani kwa Mzee Kombo, baba yake Ramla. Nikaenda nimeikumbatia kompyuta kifuani, shikamoo zangu zikaitikiwa kwa shingo upande. Nikatoa kile kibao kilichobaki, nikaeleza jina lake na kazi yake, nikaeleza na kunguru. Baba wa bwana harusi akakigeuzageuza, akauliza mtu mzima, tena mwalimu, anawezaje kupanda ukuta wa watu kwa ajili ya kitu kama hiki. Nikamfungulia kompyuta nimwonyeshe nafasi kinapokaa.

Ndipo Mzee Kombo akamuuliza binti yake, aliyekuwa nyuma ya pazia, kama kuna lolote kati yake na mimi.

"Hakuna, baba," Ramla akasema. "Hata kunitazama hakunitazama. Mimi nimekaa pale mbele yake, yeye macho yote kwenye banda la kuku." Na alisema kwa sauti ambayo, nikiwa mkweli, niliisikia ina kinyongo kidogo.

Wazee wakaangua kicheko, na ndoa ikafungwa jioni ile ile. Mimi sikuhudhuria.

Kibao chenyewe hakikuonekana tena. Linux niliiweka kwa kile kimoja, ikakubali, ila inajivuta kama mgonjwa. Tangu siku ile vifaa vyangu navikaushia chumbani, madirisha yamefungwa, hata jasho linitoke, na nikifika darasani kwenye somo la sehemu za kompyuta nasema "kumbukumbu", neno zima. Wapo wanafunzi wanaonyoosha mkono kuuliza kama hakuna jina fupi. Nawaambia hakuna.