Mwalimu Tuliyemfunga Mdomo

Mlimwona, wazazi wenzangu, mkageuza shingo.

Mwalimu wa sayansi, mtu mzima, kajikunja kwenye dawati la nyuma ndani ya darasa lake mwenyewe, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mkapita. Wengine mkacheka.

Aliyemkalisha pale ni mimi.

Mimi ni fundi umeme, shule sikumaliza. Kazi nimefundishwa na kuungua vidole. Na sisahau. Nakumbuka maabara ilivyogeuzwa stoo ya viti vibovu, na nakumbuka mlivyonyamaza. Lawama nikambebesha mwalimu.

Kwa hiyo ulipokuja mpango wa kupanga watafiti vijana na walimu wetu, wawili wawili, tukaletewa binti anayechunguza mbu, nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikabwata:

"Mwanasayansi huyu hapa! Mwalimu akae nyuma, afunge mdomo, ajifunze!"

Makofi! Kichwa kikavimba.

Siku ya somo nikajibanza dirishani kuonja ushindi wangu.

Dada Mbu, ndivyo watoto walivyomwita mtafiti yule, akamwaga maneno mazito. Binti yangu akanyoosha mkono.

"Dada, kwa nini kiluwiluwi cha mbu kinaning'inia kichwa chini?"

"Kwa sababu mfumo wake wa upumuaji... yaani, kimaumbile..."

Darasa zima likageuka nyuma.

Mwalimu alishanyanyua ganda la kalamu, lile bomba tupu, aonyeshe mdudu anavyovuta hewa kwa mkia. Akaniona dirishani.

Akalishusha.

Akatoka. Ameomba uhamisho.

Nikamuwahi Dada Mbu getini. "Usijali, binti, utafundisha mwenyewe."

"Nifundishe nini, baba? Mbu nawajua, watoto siwajui. Mimi ndiye niliyeomba kupangwa naye, anifunze kueleza. Akiondoka, na mimi naondoka."

Nikageuka kurudi nyumbani.

Nyumbani binti yangu akaniuliza, "Baba, mwalimu alikukosea nini?"

Nikasukuma sahani kando.

Hakunikosea kitu. Walioua maabara wako ofisini wanakunywa chai. Mimi nikampiga aliyekuwa karibu. Hasira ya haki ukiitupa ovyo, inamuumiza mwenzako.

Nimekwenda mlangoni kwake, nikapiga magoti.

"Inuka, baba," akasema. "Nimekusikia. Lakini wewe ni mmoja. Kikao kile kilijaa wapiga makofi."

Kesho asubuhi mkuu wa shule anasaini uhamisho.

Wewe unayesoma ujumbe huu, weka simu chini. Vaa viatu. Twende kwa mwalimu tukamwombe radhi, sasa hivi.